Mtego wa Leza kwa Shemeji Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Ninaona.

Nimeliandika neno hilo kwanza ili likae juu, peke yake. Ninaona! Nauona mstari huu ninaouandika. Nauona ukucha wa kidole gumba ambao binti yangu ameukata upande. Na nyumba nzima hakuna anayejua isipokuwa mimi na paka. Paka si msemaji.

Daktari wa moyo amenishauri nisianze kusoma kitabu kinene. Maneno yake hayo. Moyo umevimba, miguu nayo ikaiga. Basi anayeondoka hutua mizigo, na huu ndio wangu.

Kwa miaka miwili nimekuwa kwenye ukungu. Nilijipima mwenyewe, nikatangaza kuwa ni mshipa wa jicho, umekufa, hauna dawa. Daktari sikumtaka. Mtu aliyefundisha fizikia maisha yake yote aelezwe habari za nuru na vijana! Wiki iliyopita binti yangu, kitindamimba, akaniambia nivae koti twende msibani. Nikavaa. Nikapanga na maneno ya kuwafariji wafiwa. Tukashuka kwenye kliniki ya macho.

Kumbe ni utando tu. Utando uliofanya ukungu nyuma ya lenzi niliyowekewa zamani, nilipotolewa mtoto wa jicho. Daktari akaniegemeza kidevu kwenye chuma, akasema nisitikisike, akanipiga leza. Tik. Tik. Tik. Hakuna kisu wala damu. Mwale unapita katikati ya jicho bila kulichubua, unakwenda kupasua utando ulio nyuma, kama mtu anayepenya mlango uliofungwa akavunje chungu jikoni. Jambo hilo nimelifundisha kwa chaki miaka mingi. Sikujua kwamba lina sauti.

Kesho yake niliamka nikaona dari. Nikaona ufa kwenye dari. Ufa mzuri ajabu! Nikafungua mdomo nimwite binti yangu, na papo hapo nikamsikia sebuleni akizungumza na Shemeji.

Shemeji ni kaka wa marehemu mke wangu. Fundi cherehani mstaafu. Tangu macho yangu yaharibike huja kila alasiri kunisomea gazeti na kucheza nami drafti. Alikuwa akisema: mpwa wangu, siku baba yako akipona macho, mimi nahamia kwa mwanangu. Chumba ananiwekea, wajukuu wananiuliza kila siku. Kinachonishika hapa ni macho ya huyu mzee tu.

Nikafumba mdomo.

Binti alipoingia nikamwambia bado ukungu. Tena mzito.

Ieleweke kwamba si suala la kumkosa. Shemeji ana kelele, anakunywa chai kwa kuivuta kama pampu, na ananiita Mwalimu kwa sauti ya mtu anayemwita mbuzi. Nimeficha kwa sababu za kitaalamu. Kipofu anayeona huona mengi. Huu ni utafiti.

Jumanne, 4 Machi

Utafiti umezaa matunda siku ya kwanza! Shemeji ni tapeli.

Nilikaa na miwani yangu myeusi, uso nikauelekeza darini kama kawaida. Kwa pembe ya jicho nikalitazama gazeti la leo. La leo! Lina duara la kikombe cha chai kwenye ukurasa wa mbele na kona moja imeliwa na mende. Ni la mwaka jana. Shemeji akajisafisha koo, akasoma kwamba bungeni wamesimama kuwapigia makofi walimu wastaafu, hasa wa fizikia. Mahali alipoweka kidole pana tangazo la magodoro.

Miaka miwili nimeishi katika nchi inayowaenzi walimu wake wa fizikia. Nchi hiyo haipo!

Kisha drafti. Tunachezea vifuniko vya soda. Vyangu vyekundu, nimevilaza chali. Vyake vya buluu, vimelala kifudifudi, ili niweze kuvijua kwa kupapasa. Kwa mchezo huo nimemshinda karibu kila siku. Nikiwa kipofu! Mtaa mzima unajua, kwa kuwa nimeuambia. Leo nilipoinua kikombe cha chai nikaona mkono unashuka ubaoni, upesi, kama wa paka kwenye sahani ya samaki. Kitu kikahama. Kipi, sikuona, maana kipofu hainamishi macho.

Nilishinda hata hivyo. Lakini fikiria ningekuwa nashinda kwa kiasi gani kama haniibii!

Siwezi kumshtaki. Kipofu akisema nimekuona, upofu umekwisha, na Shemeji anapanda basi. Nahitaji shahidi asiye jicho.

Nuru yenyewe itamkamata.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya kazi. Nimekitoa kwenye sanduku kijikalamu cha leza walichonizawadia wanafunzi nilipostaafu, kile cha kuonyeshea ubaoni kwa nukta nyekundu. Betri zimekufa. Nimechukua za mizani ya jikoni. Binti yangu huoka keki za kuuza, lakini mtu anayeoka tangu ujana hawezi kushindwa kukadiria kwa mkono.

Mpango wenyewe ni mzuri mno, hata naona haya kuuandika. Ile taa ndogo ya sola ya bustanini hujiwasha giza likiingia. Nuru ikiigonga, inalala. Nuru ikikatika, inadhani usiku umefika, inaamka. Nimeitoa balbu. Mahali pake nimefunga kidude cha muziki kutoka kwenye mshumaa wa keki unaoimba. Taa nimeificha ndani ya kopo la biskuti upande mmoja wa meza, leza ndani ya kasha la miwani upande wa pili. Mwale unapita juu ya ubao, kimo cha kidole. Mkono ukiukata, kidude kinaimba.

Na mikono halali ya mchezo je? Nimefikiria! Chini ya kisosi changu nimeweka kibanio cha nguo chenye nyaya mbili. Kikombe kikiwa chini, mtego umelala. Nikikinyanyua ninywe, mtego unaamka. Mwizi huiba wakati ninakunywa. Ataibia kwenye muziki.

Tatizo moja. Watu hudhani leza huonekana hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Uongo. Nuru inayopita pembeni mwako huioni. Unaiona ikigonga kitu. Nitaulenga vipi mwale nisiouona? Vumbi! Nikachota ngumi moja ya sukari ya unga, ile laini ya kupambia keki, nikairusha. Lo! Uzi mwekundu ukajitokeza mezani, umenyooka kuliko kitu chochote nilichowahi kuona, punje zinameta ndani yake. Nilisahau moyo. Nilisahau miguu.

Paka naye akauona. Akaurukia. Kidude kikaimba. Binti yangu akaingia.

Mizani imekufa na keki ya harusi iko nusu, alikuwa anasema, halafu akaniona. Baba yake alikuwa mweupe kichwa hadi kifua. Nikasema nilikuwa natafuta sukari ya chai, mwanangu, ukungu huu. Akalia. Akanifuta uso kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, polepole, mpaka nyuma ya masikio, akisema pole Baba, ungeniita tu.

Nilijisikia vibaya sana. Kisha nikakumbuka kwamba waya mmoja umelegea.

Ijumaa, 7 Machi

Kliniki. Daktari wa macho nilimfundisha. Alikuwa anakaa dawati la nyuma, anakula karanga.

Akaniambia nisome herufi ukutani. Nikazikosea zote, hata ile kubwa kama mlango. Akamtuma binti yangu mapokezi akaulize kadi yangu, akafunga mlango. Akaniambia, kwa heshima zote Mwalimu, kwenye mashine jicho lako ni safi kama glasi ya mgeni. Tena mtu mwenye ukungu haizunguki ndoo ya mfagiaji pale koridoni, huigonga. Akaongeza kwamba siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, ila yeye niliwahi kumpa sifuri kwa kuandika kuwa nuru hukata kona yenyewe, na leo naona Mwalimu ndiye anayekata kona.

Ulimi wa karanga! Nimemwalika chai Jumapili. Nimemwambia asidhani leza ni ya kutobolea utando tu. Leza inakata chuma cha meli. Inasoma bei ya sabuni dukani. Inatumwa mwezini, inagonga vioo vilivyoachwa kule, inarudi na umbali kamili. Itashindwaje kumkamata fundi cherehani?

Njiani binti yangu akanipa habari. Mjomba ameanza kufungasha. Anaondoka Jumanne.

Nikamuuliza kwa nini, nami bado sioni. Akasema hata yeye hajui. Amemwona tu akikunja mashati.

Sielewi! Sharti lilikuwa macho, na macho nimeyaficha vizuri kabisa. Lakini sasa ndipo ninapouona ukubwa wa mtego wangu. Mtu aliyenaswa akiiba mbele ya mashahidi hapandi basi. Hubaki akiomba radhi. Kwa tabia za Shemeji, radhi yake itachukua mwaka. Mwaka unanitosha. Sihitaji zaidi ya huo, daktari wa moyo amenihakikishia.

Jumamosi, 8 Machi

Ili kumzuia mpaka kesho, nimeongeza upofu. Nimelisalimia koti lililotundikwa ukutani, nikaliuliza habari za nyumbani. Nimegonga kabati kwa goti (limevimba). Nimemimina chai pembeni ya kikombe, ikaingia kwenye suruali ya Shemeji. Hakupiga kelele. Jambo la ajabu. Alijifuta, akasema pole Mwalimu, naona unazidi.

Kisha akanitazama kifuani muda mrefu, akauliza nani siku hizi ananivalisha shati. Nikajibu kwa fahari: mimi mwenyewe! Akasema hm.

Hajui lolote. Nilikuwa na uso wa jiwe.

Jumapili, 9 Machi

Niandike upesi kabla fahari haijapoa. Mtego ulifanya kazi! Kisayansi, ushindi mtupu.

Daktari alikuja na keki. Keki, kwenye nyumba ya mwoka keki! Binti yangu akamkaribisha kwa uso wa mtu aliyepewa maji ya chumvi. Shemeji akasoma gazeti: eti wameamua barabara itaitwa jina la mwalimu mmoja wa fizikia, ila wanasubiri afe kwanza. Daktari akakohoa. Tukapanga vifuniko. Pazia nilikuwa nimeomba lifungwe kwa sababu ya kichwa. Kopo mahali pake, kasha la miwani mahali pake. Ndani ya moyo wangu uliovimba furaha ilikuwa inagonga kama mgeni mwenye haraka.

Tukacheza. Nikaachia mchezo ufike pazuri. Nikasema koo limekauka. Nikakinyanyua kikombe.

Kidude kikaimba!

Sikuwa nimesimama bila mkongojo tangu mvua za mwaka juzi. Nilisimama. Nikavua miwani nimtazame mwizi na mali yangu mkononi. Mkono ulikuwa pale, juu ya ubao, umeganda, nukta nyekundu inamchezea kwenye kidole cha shahada. Na kati ya vidole vyake viwili—

Mbona cha buluu?

Nilidhani nimeyawaza maneno hayo. Kumbe nimeyapiga kelele. Mbona chako? Mbona unakisogeza chako kinywani mwangu?

Kidude tu kiliendelea kuimba. Zile mashine za mishumaa hazijui kunyamaza. Binti yangu alikuwa amesimama na birika. Akasema taratibu: Baba. Umejuaje ni cha buluu?

Daktari akaitazama keki yake kwa makini sana.

Shemeji akakiweka kifuniko pale alipokuwa anakipeleka, mbele ya kete yangu, tayari kuliwa. Akasema mtego wa panya, Mwalimu, huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Akaketi vizuri. Akasema yeye alijua tangu Jumanne. Miaka miwili, alisema, nimekuona na shati lililofungwa upande, kifungo cha juu kwenye tundu la pili, shingo imepinda kama ya kuku. Jumanne nimeingia hapa, kila kifungo kiko nyumbani kwake. Mimi ni fundi. Ningekosaje kuona?

Ndiyo maana umefungasha, nikasema.

Ndiyo. Nilisema ukipona naenda. Umepona.

Nikamwambia hakuwa na haki ya kujua kupona kwangu bila ruhusa yangu. Akasema wewe nawe hukuwa na haki ya kunimwagia chai ya moto. Nikamuuliza kwa nini basi, alipojua naona, aliendelea kusoma gazeti la mende, kwa nini aliendelea kunilisha kete zake. Akavuta chai kama pampu. Akasema ulikuwa unalala vizuri ukishinda, dada yangu aliniambia hivyo zamani. Na nilitaka kuona utaishia wapi.

Binti yangu alikuwa anacheka na kulia kwa zamu, halafu akakumbuka mizani yake, akaacha yote mawili. Amenifokea mpaka giza likaanza kuingia. Sukari, betri, mshumaa wa mteja, machozi yake ya Alhamisi aliyoyataka yarudishwe. Daktari akakipata kidude na kukikalia. Kiliendelea kuimba chini yake, kwa sauti ya mtu aliyefunikwa blanketi, mpaka alipoaga.

Mtego ulifanya kazi, narudia. Mwale haukukosea hata kidogo. Kosa lilikuwa kwa mwizi, ambaye hakuwa mwizi.

Jumanne, 11 Machi

Yasahauliwe ya nyuma. Mwanasayansi haachi utafiti kwa sababu ya jaribio moja.

Asubuhi Shemeji alikuja kuaga, begi mkononi, amevaa shati alilojishonea mwenyewe. Akasema haya Mwalimu, kwaheri, jitunze.

Nikaweka kiganja nyuma ya sikio. Nikasema: eeh?

Akasema kwaheri. Nikasema kwa heri ya nani? Akapaza sauti. Nikatikisa kichwa kwa huzuni, nikamwambia tangu jana usiku masikio yamezibika ghafla, pengine ni mshipa, umekufa, hauna dawa. Itabidi mtu anisomee gazeti kwa kupiga kelele. Binti yangu hawezi, ana sauti ya kuku mgonjwa.

Binti yangu, aliyekuwa mlangoni, akasema Baba, wallahi!

Sikumsikia. Nilikuwa na uso wa jiwe.

Shemeji akanitazama. Akaniinamia sikioni, akanong'ona, kwa sauti ambayo hata paka asingeisikia, kwamba mimi ni mzee mwongo, mwenye miguu kama magunia ya viazi, na kwamba dada yake aliolewa kwa haraka. Jibu lilinifika kwenye meno. Nililimeza. Hakuna aliyewahi kumeza kitu kikubwa namna ile.

Akanyooka. Akamwambia binti yangu: sikio la kufa halisikii dawa, mpwa wangu. Huu ni ugonjwa wa kukaa nao. Akauliza simu iko wapi ampigie mwanawe. Begi akaliweka nyuma ya mlango, na baadaye nikaona amelifungua kutoa kandambili zake za nyumbani.

Alasiri akanisomea gazeti kwa kelele mpaka majirani wakafungua madirisha. Walimu wa fizikia wamepewa medali. Nilimwomba arudie. Nyuma yake, kwenye kiti cha pembeni, lilikuwapo gazeti la leo, halijafunguliwa. Hakuligusa, nami sikulitaja.

Hashuku chochote safari hii. Nina hakika kabisa. Wanaweza kunong'ona jikoni, lakini nimekwisha kupanga: ukielekeza mwale wa leza kwenye kioo cha dirisha wakati watu wanazungumza ndani, kioo hutetemeka kwa sauti zao, nuru hurudi nayo ikitetemeka, na mwenye akili anaweza kuyatoa maneno humo. Nitasikia kila kitu wanachosema juu ya uziwi wangu. Ninachohitaji ni betri tu. Mizani amenunua mpya, nimeiona alipoificha.

Drafti tulicheza. Vifuniko vimepangwa upya, vyote kifudifudi, kwa kuwa sasa naviona. Nilipoinua kikombe nilitazama darini kwa muda mrefu, muda wa kutosha mtu kufanya anachotaka na mali yake. Nilishinda.

Na kwa kuwa ninaandika kama mtu anayeaga, niweke hapa, mara moja tu, kwa mwandiko mdogo: tangu siku nilipokwenda kumposa dada yake, mimi na Shemeji tukawekewa ubao uani tusubiri wazee wamalize mazungumzo, hadi alasiri ya leo, katika drafti sijawahi kumshinda kwa haki hata mara moja.